Harufu ya Kuazima

Alhamisi jioni, jua likiwa limeegemea upande wa Kololo, Habibah alipanda kilima cha Naguru kwenda kusingwa. Harusi yake ilikuwa Jumamosi. Kwao, Wanubi wa Mbuya, bibi harusi hatoki kwenda kwa mumewe kabla ya kupakwa dilka, ule unga wa msandali na karafuu uliofukizwa moshi, ambao watu wa pwani huuita singo. Mtu wa kumpaka hakuwa wa kutafuta. Alikuwa Shakirah.

Mama yake Habibah alifariki akimzaa. Mama mkubwa, mamake Shakirah, ndiye aliyemchukua, akawanyonyesha wote wawili, huyu titi la kulia, yule la kushoto. Walilala kitanda kimoja mpaka siku Shakirah alipoolewa na Siraje, dereva wa lori la Juba. Sasa Siraje alikuwa amekufa barabarani, kaburi lake halijaota majani, na Shakirah alikuwa amehamia chumba kimoja cha kupanga Naguru na binti yake mchanga, Zamzam.

Jirani wa mlango wa pili, Aol, mke wa askari aliyepelekwa kazini Karamoja, alikuwa kibarazani akichambua maharagwe.

"Bibi harusi amefika," alisema akicheka. "Mama Zamzam, ikibaki unipake na mimi. Bwana yangu anarudi mwezi ujao."

"Hii ni ya bibi harusi peke yake," Shakirah alijibu. Hakucheka.

Ndani, dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi. Habibah alikaa mkekani, na Shakirah akaanza kumsugua, mabegani, mgongoni, shingoni. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha na mgonjwa.

Habibah alifundisha Kiswahili katika shule ya msingi, akaanza kusimulia mambo ya shuleni ili kumchangamsha.

"Leo mwalimu Docus wa sayansi amenishinda. Anataka Kiswahili cha lile neno *predator*. Nikamwambia, mwindaji. Akasema mwindaji ni mtu na mbwa wake. Ikabidi nifungue kamusi."

"Ukapata nini?"

"Mbuai. Mnyama anayeishi kwa kuua wenzake na kuwala. Simba ni mbuai, mwewe ni mbuai. Mimi nimekua na Kiswahili mdomoni, na neno hilo sijawahi kulitumia."

Mikono ya Shakirah ilisimama.

"Mwindaji akikosa hurudi nyumbani," alisema taratibu. "Atakula mihogo. Mbuai hana mihogo, Habibah. Akishika harufu yako, hana pengine pa kwenda."

"Na mtu je, anaweza kuitwa hivyo?"

"Watu hulitumia ovyo. Mwizi, wanasema mbuai. Mwanamume mbaya, mbuai. Lakini swala akimsukuma mwenzake nyuma ili yeye apite... huyo utamwita nani?"

"Huyo mwoga tu."

"Eeh," alisema Shakirah. Mikono ikaanza tena. "Mwoga tu."

Walipomaliza, Shakirah alimvisha gauni lake mwenyewe, akisema lile la Habibah lingechafuka mafuta. Akamwambia asipande boda, upepo ungekula manukato. Atembee. Na asioge mpaka asubuhi.

Kisha akamkumbatia, akalia shingoni pake kwa muda mrefu. Habibah alidhani ni machozi ya harusi.

Adhana ya magharibi ilimkuta njiani, akishuka kuelekea Nakawa. Ilikuwa njia aliyoizoea, nyumba za mabati upande mmoja, ukuta mrefu wa ghala upande wa pili. Taa za wauza chapati zilikuwa zinawaka moja moja kule chini.

Mbuzi waliofungwa kando ya njia walikuwa wamelala, matumbo yamebanwa ardhini, masikio yamelala nyuma. Hakuna aliyelia. Mbwa mmoja alimwona, akainama, akatambaa chini ya kibanda.

Ndipo harufu ikaja. Haikuwa ya dilka. Ilikuwa ya ngozi mbichi iliyosahauliwa mvuani.

Habibah alikaza mwendo.

Nyuma yake... fff. Fff. Fff.

Pumzi. Lakini si pumzi ya mtu aliyechoka. Ilikuwa pumzi ya kunusa.

Alisoma aya alizozijua, ulimi ukiteleza. Aliogopa kugeuka. Kile kitu hakikukimbia wala hakikubaki nyuma. Akipunguza mwendo, kinapunguza. Akiongeza, kinaongeza.

"Shakirah..."

Sauti aliijua. Ilikuwa imekwaruzika, sauti ya mwanamume aliyezungumza miaka mingi akishindana na injini ya lori. Habibah alikuwepo Bombo siku walipomzika mwenye sauti ile.

"Shakirah, mke wangu. Mbona umetoka?"

"Mimi si Shakirah," alinong'ona, macho mbele.

Kisha kitu cha baridi, chenye unyevu, kikamgusa nyuma ya shingo.

Fff...

"Unanukia Shakirah."

Gari lilipinda kutoka barabara kuu, taa zake zikamulika ukuta wa ghala. Habibah aliona kivuli chake. Na kando yake kivuli kingine, kimeinama, mikono imegusa chini, shingo ndefu imenyooka mpaka begani pake. Gari likapita. Giza likarudi.

Alikimbia. Na huku anakimbia alipeleka mkono puani, hata yeye hakujua kwa nini. Juu kulikuwa na msandali. Chini yake karafuu. Chini ya karafuu kulikuwa na kitu ambacho angekijua hata macho yakiwa yamefungwa. Maziwa yaliyoganda kwenye nguo. Jasho la kichwani. Ile harufu ya ubavuni aliyolala nayo utoto wake wote. Ilikuwa imetwangwa, ikapondwa, ikachanganywa ndani ya unga.

Alikuwa amepakwa mtu.

Akakumbuka blanketi dirishani, na gauni, na usipande boda, na usioge. Maumivu yaliyompata kifuani yalikuwa makali kuliko hofu. Nusura asimame pale pale njiani, kile kitu kifanye kitakavyo.

Kilichomwokoa ni sauti ya maji. Karibu na barabara ya Jinja palikuwa na uwanja wa kuoshea magari. Mwenyewe, mama mmoja wa Kiacholi aitwaye Santa, alikuwa anakusanya ndoo, na kijana wake wa kazi, Bonny, anamalizia kusuuza teksi kwa mpira wa pampu. Habibah alitupa mkoba wake pembeni, akaingia hadi katikati ya matope.

"Nimwagieni," alisema. "Tafadhali. Maji na sabuni."

Bonny alimtazama kuanzia kichwani. "Nyabo, dada, hii maji ni ya gari."

"Nimwagie hivyo hivyo."

Santa hakuuliza. Alikuwa ametazama nyuma ya Habibah, pale mwanga wa taa ulipoishia. Uso wake ukabadilika. Akachukua kopo la sabuni ya unga, akammwagia lote kichwani.

"Bonny," alisema kwa sauti ya chini. "Fungua maji. Usiangalie kule."

Maji yalimpiga kama fimbo. Santa alimsugua kwa brashi ya matairi, shingo, mikono, mgongo, mpaka ngozi ikachubuka. Gauni la Shakirah walilichana, wakalitumbukiza kwenye pipa la oili chafu. Habibah alisimama na shimizi lake tu. Dilka ilikuwa inateremka miguuni kama tope la manjano.

Ng'ambo ya mwanga ile pumzi ilizunguka. Mara upande huu... mara ule. Fff. Fff. Ikasogea. Ikasita.

"Shakirah?" iliuliza, kama mtu aliyepotelewa na kitu gizani.

Bonny aliendelea kumwaga maji, macho chini.

Kisha wakasikia nyayo zikigeuka. Nzito, nne nne, bila haraka. Zilikuwa zinapanda kurudi Naguru.

Santa alimfunika kwa koti lake la mvua. Habibah alitoa simu mkobani. Angeweza kunyamaza. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakunyamaza. Lakini Zamzam alikuwa kule juu, mtoto asiyejua kutambaa.

Simu iliita mara moja tu.

"Umeoga," alisema Shakirah. Hakuuliza.

"Kinarudi kwako. Mchukue mtoto, utoke."

Mtoto alisikika akinyonya.

"Nilikuambia usioge, Habibah."

"Shakirah, kile ni nini?"

"Nilimtaka Siraje. Nikaenda kwa mtu, nikamwomba amwite arudi. Kilichokuja kina sauti yake tu. Kila magharibi kinanusa chini ya mlango." Akavuta pumzi. "Mimi nina mtoto. Wewe huna mtu bado."

"Mimi nina wewe," alisema Habibah.

Upande wa pili Shakirah alisikika akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Kimefika wapi?"

"Sasa hivi kimeondoka hapa Nakawa. Kinatembea."

"Basi nina muda kidogo," alisema Shakirah, na simu ikakatika.

Habibah aliyaelewa maneno yale kwa namna moja tu, kwamba anafunga mtoto mgongoni akimbie. Boda wa kwanza alikataa kumpakia mtu aliyelowa, wa pili akakubali. Walizunguka njia ya juu, yenye taa.

Alipofika, Shakirah alikuwa amekaa kibarazani kwake, anamnyonyesha Zamzam. Mlango wazi. Blanketi limetolewa dirishani. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha kuswali.

Chumba cha Aol nacho kilikuwa wazi. Sigiri ilikuwa inawaka, maharagwe yameungua hadi moshi umejaa. Kandambili moja ilikuwa mlangoni. Ya pili ilikuwa mbali, karibu na mfereji, imepinduka. Pale katikati udongo ulikuwa umechimbika mistari, kama vidole vilivyoburutwa.

Na hewani, juu ya moshi wa maharagwe, palikuwa na harufu ya msandali na karafuu.

"Aol yuko wapi?" Habibah aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Ametoka."

"Shakirah."

"Ilibaki kidogo kwenye bakuli." Alimhamisha mtoto titi la pili. "Alikuwa anaiomba tangu wiki iliyopita. Alifurahi sana. Ulinipigia wakati mzuri, ndugu yangu. Mungu akulipe."

Habibah alikaa chini. Hakuwa na pa kushika. Alikuwa amepiga simu ile kuokoa roho.

Obwona, mumewe Aol, alirudi kutoka Karamoja wiki iliyofuata, kabla ya wakati. Aliuliza nyumba kwa nyumba. Ndugu zake Aol walikuja kutoka Gulu, wakapanga kandambili zile mbili mlangoni, wakalia. Polisi waliandika maelezo. Wapangaji wengine walisema labda amekimbia na mwanamume, watu husema hivyo. Habibah alimfuata Obwona na kumweleza yote, neno kwa neno. Yule askari alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa heshima, akaondoka. Hakurudi kumwuliza tena.

Mama mkubwa alikuwa amemweleza mapema, Ijumaa asubuhi. Hapo alipigwa kofi.

"Umenyonya kwangu," mama mkubwa alisema. "Leo unamwita mwanangu mchawi, kwa sababu gani? Kwa kuwa yeye ni mjane na wewe unaolewa?"

Harusi haikuahirishwa. Wageni walikuwa wamefika, mchele umepikwa. Abubaker, bwana harusi, aliona ngozi ya mkewe imechubuka, akamwuliza kwa upole. Habibah akasema atamweleza wakiwa peke yao. Alikwenda kwa mumewe bila dilka, bila udi, bila tone la marashi. Wanawake walinong'ona.

Shakirah alikuja. Nani angemzuia? Alikuwa dada wa bibi harusi. Alivaa vizuri, amenenepa usoni kwa siku mbili tu, macho yake meupe. Alipakua wali, alipiga vigelegele, alibeba watoto wa wageni. Wanawake wa Mbuya na wa Nsambya walimzunguka wakimwulizia. Habari zilikuwa zimeenea kitambo kwamba ana mkono mzuri wa kusinga, na mabinti wawili walikuwa wanaolewa kabla ya mfungo.

"Waje tu," Habibah alimsikia akisema. "Kwangu hawalipi."

Kuelekea magharibi, wakati wa kumtoa bibi harusi, Shakirah alifungua mikono. Watu walikuwa wanatazama. Mama mkubwa alikuwa anatazama. Habibah akakubali kukumbatiwa.

"Usije kwangu," alimnong'oneza sikioni. "Maisha yangu yote, usije."

"Hasira zitaisha," Shakirah alinong'ona naye. "Tumenyonya kifua kimoja."

Na Habibah, kwa mazoea ya utotoni ambayo mwili hufanya bila kuomba ruhusa, alijikuta amezika pua shingoni kwa dada yake na kuvuta pumzi.

Alivuta tena.

Hapakuwa na maziwa. Hapakuwa na jasho, wala sabuni, wala moshi wa jikoni alikoshinda tangu asubuhi. Ilikuwa kama kunusa maji ndani ya glasi. Mtu wa joto, anayepumua, amemkumbatia kwa nguvu, na hana harufu yoyote, kana kwamba yote aliimaliza kwenye lile bakuli.

Na pale pale, karibu kabisa na sikio lake, polepole, Shakirah naye akavuta pumzi.

Fff...