Sufuria ya Shaba ya Bibi Khadijah

Kila jioni baada ya shule, majirani wa Kaloleni mjini Kisumu walimsikia Rehma akisugua vyombo bombani. Msichana huyo wa Gredi ya Sita alikuwa bingwa wa kazi hiyo, naye alijijua. Alikunja mikono ya gauni, akachota mchanga, na masizi yakakiona cha mtema kuni.

Ijumaa hiyo kazi ilikuwa ya heshima. Kesho yake wageni wangetoka Maseno kumwona mtoto mchanga wa shangazi yake, na Bibi Khadijah alikuwa ametoa kabatini sufuria yake kubwa ya shaba nyekundu.

"Ioshe kwa kitambaa na sabuni," Bibi alimwagiza. "Ndani usiiguse kwa mchanga. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Lakini ndani kulikuwa na utando wa kijivu uliofifia, na macho ya Rehma hayakuweza kuuvumilia. Si uchafu huu? Bibi alipoingia chumbani tu, Rehma akachukua mchanga na ndimu, akasugua mpaka jasho likamtoka. Utando ulitoka wote. Shaba ikang'aa, wekundu mtupu! Akamimina humo maji ya ukwaju ya wageni, akafunika, akaenda kulala.

Asubuhi alionja. Loo! Ladha yake ilikuwa kama ya kulamba sarafu. Alitema, akaongeza sukari, akakoroga. Mujahid, mdogo wake, alikuwa ameshajitokeza mlangoni.

"Dada, nionjeshe na mimi."

Rehma akampa kikombe kizima, wakaambiana Bibi asijue.

Mara akaingia Mama Beldina, jirani anayekaanga samaki kando ya barabara. Alibeba beseni la samaki aina ya ngege, waliotoka Asembo Bay alfajiri ile ile, naye alikuwa ameshawakaanga. Aliwamegea watoto kipande kimoja wagawane. Haukupita muda, Mujahid akashika tumbo, akatapika, akatapika tena.

"Ni samaki huyo!" Bibi alifoka. "Beldina, umeniletea samaki wa juzi!"

"Wuololo! Mama, samaki yangu ni ya leo. Mimi nakula hii hii na watoto yangu."

"Ondoa beseni lako hapa! Na leo mtaa mzima utajua."

Mama Beldina alijitwika beseni, akaondoka. Hakuwa na kazi nyingine. Mtaa ukimsusa, watoto wake wangekula nini? Rehma alimtazama akitoka. Yeye pia alikuwa amekula kipande kile kile, na tumbo lake lilikuwa shwari.

Walimkimbiza Mujahid zahanati. Daktari Debra alimpima, kisha akawageukia.

"Mtoto huyu amekula nini leo? Niambieni ukweli nijue pa kuanzia."

"Samaki mbovu," Bibi akajibu upesi.

Rehma alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamtazama mdogo wake aliyelegea kitandani, akasema, "Si samaki, Bibi. Ni ukwaju. Nilimpa mimi. Na ile sufuria ya shaba... niliisugua ndani kwa mchanga mpaka utando wa kijivu ukatoka. Nilidhani ni uchafu."

Bibi akamgeukia Rehma.

"Ukwaju ulilala humo?" Daktari akauliza. Rehma akaitikia kwa kichwa. "Basi ule utando haukuwa uchafu, mwanangu. Ni bati, hupakwa ili chakula kisiguse shaba. Ulipolitoa, uchachu wa ukwaju umeila shaba usiku kucha, ikayeyuka ndani ya maji."

"Lakini mwalimu alituambia mwili unahitaji shaba!"

"Kweli kabisa, kidogo sana, kwa ajili ya damu na mifupa. Iko kwenye maini, maharagwe, njugu, hata samaki. Lakini humo imeshikamana na chakula. Tumbo huifungua polepole, mwili ukachukua unachohitaji, na inayozidi ikatolewa nje. Hiyo ya kwenye ukwaju haikushikwa na kitu. Imeingia yote kwa mkupuo, ikamchoma tumbo. Bahati nzuri ameitapika."

Mujahid alinyweshwa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, na kabla ya adhuhuri alikuwa akiulizia chakula.

Bibi hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiko la Mama Beldina, wateja wakimtazama.

"Beldina, samaki wako hana kosa; ni sufuria yangu iliyosuguliwa bati likatoka. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi. Lete samaki wako, wageni wako njiani."

Wageni walikula wakajilamba vidole. Rehma alikuwa ameumwaga ukwaju wote kabla hawajafika, na sufuria ikapelekwa kwa fundi kupakwa bati upya.

Jioni Bibi alimkalisha karibu naye. "Mkono wako ni wa kazi, Rehma, nami najivunia. Lakini bidii isiyosikiliza maagizo ndiyo iliyomlaza mdogo wako. Na ungenyamaza pale zahanati, daktari angetibu asichokijua, na Beldina angeadhibiwa kwa kosa lako. Sikiliza kwanza, ndipo ufanye kazi. Ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo."

"Nimesikia, Bibi," Rehma alijibu, na safari hii alikuwa amesikia kweli.

Mlangoni palisikika kicheko. Mama Beldina alikuwa amesimama na karai lake la kukaangia, jeusi tititi.

"Rehma, nyathina, mtoto wangu, hii haina bati. Sugua mpaka uchoke!"

Rehma akamgeukia Bibi kwanza. Bibi alipoitikia kwa kichwa, akakunja mikono ya gauni, akalipokea karai.