Beseni la Dada

Shemeji yangu alikuwa anafuga sisimizi. Cheka tu, lakini ndiyo kazi iliyomlisha dada yangu wa damu. Huko maabara trei zilijaa wale wekundu wanaochoma kama moto, naye alichunguza wenye minyoo. Mnyoo mweupe, mwembamba kama uzi, hujikunja tumboni mwa sisimizi mpaka tumbo lifure. Ukikomaa, humsukuma aende majini. Yeye anazama, wenyewe unatoka.

Aliwahamisha kwa kuwavuta kwa pumzi, mrija mdomoni, na kitambaa cha wavu kuwazuia wasipite. Siku moja wavu ukachanika. Alirudi nyumbani anacheka.

"Nimemeza mmoja, shemeji. Nyama ni nyama!"

"Mwone! Utaota miguu sita." Tulicheka sote, dada mpaka machozi.

Kisha ikaja kiu. Alimaliza jagi zima, akaomba jingine. Tumbo likafura, mikono ikakonda. Hospitali hawakuona kitu. Tukawa tunamkuta bafuni, amesimama mbele ya bomba. Dada akafunga maji ya nyumba nzima, akamwaga ndoo zote, akawa anamnywesha kwa kijiko. Maskini dada yangu! Alichotaka duniani ni kimoja tu, mumewe asifike majini.

"Nishike mkono," shemeji alimnong'oneza. "Si mimi ninayetaka kwenda."

Akamshika. Kulipokucha, usingizi ukampitia dada. Mvua ikanyesha. Uani kulikuwa na beseni la kufulia. Tulilisahau.

Tulimkuta amepiga magoti, uso ndani ya beseni. Tumbo lilikuwa limenywea.

Tukamzika. Waombolezaji walipoondoka nikaenda kumwaga yale maji. Dada akanidaka mkono.

"Acha. Ana baridi."

Nikachungulia. Uzi mweupe, mrefu kama mkono wangu, umelala chini. Uzi tu, jamani! Dada akainama, akamwita mumewe kwa jina lao la chumbani, jina ambalo sikuwahi kulisikia. Akatumbukiza mkono. Uzi ukainuka. Ukajizungusha kwenye kidole cha pete, taratibu, ukatulia. Dada akalia kwa sauti ambayo mpaka leo inaniumiza.

Beseni akaliweka kitandani, upande wa mumewe.

Juzi nimeenda kumwona. Beseni ni kavu. Dada ameketi, viganja tumboni, midomo imepauka.

"Dada, yako wapi yale maji?"

"Hana baridi tena," akaninong'oneza. "Niletee maji ya kunywa, mdogo wangu. Lete jagi zima."