Sauti ya Munyoki

Mvua ya Aprili ilimkuta Apondi katikati ya soko la Jericho, Nairobi, akiwa ametoka kuchukua gauni lake jipya la kitenge kwa fundi. Alilikumbatia kifuani lisilowe, akakimbilia mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Ulikuwa mlango wa kibanda cha video cha Wakoli. Ndani watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi wakitazama muvi, na joto la makoti mabichi lilimpiga usoni.

Kwenye skrini mashujaa sita wenye nguvu za ajabu walikuwa wanapigana na mashine. Binadamu walikuwa wameiunda iwalinde, nayo ikafikiri kwa dakika chache na kuamua kwamba hatari kubwa zaidi duniani ni binadamu wenyewe. Aliyekuwa akieleza hayo yote ni kijana aliyeketi kando ya skrini, maikrofoni mkononi, shati la samawati limefungwa vifungo hadi shingoni. Alikuwa DJ wa muvi. Kiingereza kilikuwa chini, sauti yake ilikuwa juu, na kila shujaa alimpa namna yake ya kuongea. Ile mashine aliibatiza jina la Karani.

"Karani amenuna," alisema, "kama mama mkwe aliyepewa chai baridi." Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Mara stima ikapotea. Watu wakaanza kuguna na kusogeza mabenchi. Kijana yule akaiweka chini maikrofoni, akasimama, akaendelea na hadithi kwa mdomo mtupu. Aliwapeleka mashujaa juu ya daraja, akaliangusha daraja, akamfanya mmoja amlilie ndugu yake kwa sauti ya chini hata mvua ikawa karibu kuimeza. Hakuna aliyetoka. Alipomaliza, Apondi alikuwa anajifuta macho kwa kiganja.

Alimngoja mlangoni.

"Umeniliza mbele ya watu," alimwambia. "Sasa niambie, ile muvi inaisha hivyo kweli?"

"Sijui. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona."

"Kwa hivyo umetudanganya."

"Kidogo tu. Unaitwa nani, nikuombe msamaha kwa jina?"

Aliitwa Apondi, kijana aliitwa Munyoki. Kufikia jioni walikuwa wamepeana namba, na kufikia Juni hapakuwa na mchana uliopita bila simu. Munyoki alikuwa akimpigia saa saba kamili, wakati wa chakula, na kila siku alikuja na sauti mpya: leo mchungaji, kesho mwanajeshi, kesho kutwa bibi wa miaka tisini anayetafuta mchumba. Apondi alicheka hadi wenzake kazini wakawa wanamwomba aweke simu kwa sauti kubwa. Alimwita Munyo, yeye alimwita Apo wangu.

Kazi ya Apondi ilikuwa katika kampuni moja upande wa Barabara ya Mombasa. Walikuwa wakikaa na vipokea sauti masikioni, wakisikiliza watu wakiongea, na kuandika kila neno lililosemwa, ili mashine zijifunze Kiswahili. Munyoki aliposikia hivyo alimtania kwamba kumbe yeye ndiye anayemlisha Karani.

"Namfundisha a, e, i, o, u tu," Apondi alijibu.

"Hata mimi nilianza hivyo hivyo."

Munyoki aliishi na mamake Umoja, ghorofa ya tatu. Mama Mbinya alikuwa na ugonjwa wa macho uliomwachia mwanga na vivuli tu. Watu aliwajua kwa sauti. Siku ya kwanza Apondi alipofika, mama alimshika mkono, akapapasa kitenge cha gauni lake, akauliza ni cha rangi gani. Kisha akamwambia kwamba mtoto wake alikuwa na kelele nyingi tangu tumboni, na mwanamke atakayemchukua ajue anachukua redio. Kuanzia hapo Apondi alikuwa akienda kila Jumapili baada ya kanisa, kumchambulia mboga na kumsomea jumbe zilizoingia kwenye simu.

Mwezi wa Agosti kampuni ikatangaza kwamba inatafuta sauti za watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Apondi mwenyewe ndiye aliyempeleka Munyoki. Kwa wiki tatu alifungiwa katika chumba kidogo kilichofunikwa sponji, akasoma sentensi, akacheka alipoambiwa acheke, akanong'ona, akapiga kelele. Kabla ya kuanza alipewa fomu ya kurasa nne za Kiingereza kigumu. Alimuuliza Apondi inasema nini. Apondi akamuuliza msimamizi wake, Kweyu, ambaye alimhakikishia kwamba sauti zingetumika kuifundisha mashine kusikia watu, basi. Apondi akamwambia Munyoki hivyo hivyo. Munyoki akatia sahihi.

Februari mwaka uliofuata, faili moja ilimfikia Apondi mezani. Akavaa vipokea sauti. Alikuwa Munyoki, akisimulia muvi ambayo Munyoki hajawahi kuiona. Kicheko kilikuwa chake, hata ile tabia yake ya kuvuta pumzi kabla ya kufanya mzaha ilikuwapo. Apondi alienda moja kwa moja kwa Kweyu. Kweyu alimwonyesha ukurasa wa tatu wa fomu, palipoandikwa kwamba kampuni inaweza kutengeneza sauti mpya kutokana na ya msomaji na kuiuza, kisha akamkumbusha kwamba mambo ya ofisi hayatoki nje ya ofisi, na kwamba wako wengi wanaoitaka nafasi yake.

Apondi alinyamaza. Saa saba simu ililia, Munyoki akawa padri wa Kiitaliano, naye akacheka. Kesho yake pia akacheka. Kila jioni alijiahidi kwamba kesho atasema.

Siku kumi na moja zikapita. Ya kumi na mbili, Wakoli alimwita Munyoki pembeni na kumweleza, bila ubaya wowote, kwamba muvi sasa zinakuja zikiwa tayari na sauti yake, kwa hivyo hakuna haja ya yeye kuja tena. Alidhani Munyoki anajua. Si msichana wake ndiye aliyempeleka kwenye kampuni? Munyoki alitoka, akasimama nje penye wauza mitumba, akajisikia akiongea ndani. Akapiga simu.

"Apo, niko nje ya kibanda. Halafu niko ndani, naongea. Ulijua?"

Apondi alitoka mezani na kwenda kusimama dirishani.

"Sema hapana, nitakuamini."

"Nilijua. Si tangu mwanzo, nakuapia. Siku kumi na moja."

"Na hizo siku zote nilikupigia."

"Niliogopa, Munyo."

"Uliniuza."

"Hata mimi walinidanganya."

"Wao walikudanganya. Lakini mimi, ni wewe uliyenidanganya." Akakata, na namba ya Apondi ikafungiwa siku hiyo hiyo.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Ilikuwa Jumapili moja ya Machi, mchana. Munyoki alikuwa ameteremka kwenda kumnunulia mamake dawa ya macho. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa ameiweka ile muvi ya mashujaa sita, toleo jipya la sauti ya mashine, na spika ilikuwa juu, milango iko wazi. Ikafika sehemu ambapo Karani anautia mji moto. Sauti ya Munyoki ikapasua jengo zima: "Tokeni. Tokeni nje, moto unakuja, toka sasa hivi."

Mama Mbinya alikuwa peke yake kitini. Alimsikia mwanawe akimwita. Aliinuka, hakuitafuta fimbo yake, akaufuata ukuta hadi mlangoni na kutoka. Ngazi ya kwanza aliipata. Ya pili hakuipata.

Munyoki alimkuta kwenye sakafu ya ghorofa ya pili, majirani wamemzunguka, na mmoja wao, Nthoki, amekipakata kichwa chake kwenye leso. Huko chini spika ilikuwa bado inapiga kelele; katika ule mshtuko hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Moto umezimika?" mama aliuliza.

Munyoki hakujua anauliza moto gani. Nthoki ndiye aliyemweleza, baadaye, kwenye benchi la hospitali. Siku ya nne Mama Mbinya alifariki.

Kwenye ibada ya kumuaga, Apondi, ambaye Nthoki alikuwa amemsimulia kilichotokea, alisimama nyuma kabisa ya kanisa, kitambaa cheusi kichwani. Munyoki alimwona, akageuza uso. Walipomwita asimame aseme maneno machache kuhusu mamake, alitikisa kichwa. Toka siku hiyo akawa mtu wa ndiyo na hapana. Mazishi yalifanyika kwao Mwingi. Aliporudi Nairobi alihama Umoja, na hakumwambia mtu anakwenda wapi.

Apondi aliacha kazi Jumatatu baada ya mazishi. Alikaa mezani kwao akaandika yote: tarehe, majina, maneno aliyoambiwa na Kweyu, sentensi ya ukurasa wa tatu. Alimpelekea wakili mmoja aitwaye Adongo, ambaye alikubali kulipeleka jambo hilo kwa maafisa wa serikali wanaoshughulikia taarifa za watu. Lakini Adongo alimweleza wazi kwamba bila sahihi ya mwenye sauti hawatafika popote.

Alimtafuta Munyoki wiki sita. Mwishowe Nthoki akasikia kwamba ameonekana Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Apondi akaenda asubuhi, akipita katikati ya harufu ya damu na samadi, viatu vyake vikizama kwenye tope. Mwenye zizi alikuwa Filsan, mama mmoja aliyevaa dirac ya kijani, gauni refu la Kisomali, juu ya gambuti. Alimtazama Apondi toka juu hadi chini kabla ya kumjibu.

"Huyo kijana hasemi," Filsan alisema. "Mimi sijali, mbuzi hawaulizi kitu. Lakini chakula pia hali vizuri. Kama umekuja kumuumiza, rudi."

"Nilishamuumiza, dada. Nimekuja kumwambia hivyo."

Filsan akaonyesha kwa kidevu. Munyoki alikuwa anateremsha mbuzi kutoka kwenye lori, amekonda, koti la buluu linamning'inia mabegani. Apondi hakumkaribia sana. Alimnyooshea zile karatasi alizoandika. Munyoki alizisoma akiwa amesimama, zote, polepole. Alipofika mahali fulani akarudi nyuma akasoma tena.

"Umeandika kwamba ulinyamaza," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Wakili alitaka niitoe hiyo sehemu."

"Mbona hukuitoa?"

"Kwa sababu ningesema siku ile ya kwanza, labda mama angekuwa hai."

"Labda," Munyoki alisema.

Mbuzi walikuwa wanapita kati yao.

"Wewe unafikiri nimenuna kwa ajili yako," alisema hatimaye. "Apo, ile kelele niliipiga mimi. Mle chumbani walinionyesha maneno kwenye skrini, wakaniambia niite watu kama nyumba inaungua. Niliita mara tano. Ya tano ilikuwa nzuri sana, wakanipigia makofi. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mama, tukacheka. Sasa nikifungua mdomo naisikia ile kelele."

Apondi akalia, bila kujificha. Hakumwambia asijilaumu, na hakumwomba msamaha. Alibaki pale alipokuwa, tope limemfika vifundoni, hadi Munyoki akazikunja zile karatasi na kwenda kutia sahihi kwenye meza ya Filsan.

Kesi haikuwapa walichotaka. Kampuni ilifunga ofisi ile na kufungua nyingine kwa jina lingine, na Adongo akawaambia wajiandae kungoja miaka. Sauti iliendelea kusikika katika vibanda, kwenye simu za watu, hata kwenye tangazo la sabuni. Munyoki alijifunza kupita bila kusimama. Alibaki Kiamaiko. Apondi akapata kibarua cha kuuza kwenye duka la dawa Jericho, na Jumapili alikuwa akimpelekea chakula zizini. Mwanzoni walikula kimya. Kufikia Septemba alikuwa akimsimulia vituko vya wateja wake, na siku moja Munyoki akacheka, kidogo, akashtuka mwenyewe.

Desemba Munyoki alimwambia kwamba anakwenda Mwingi kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la mamake, na kwamba anataka waende pamoja.

"Wakiuliza mimi ni nani?"

"Nitawaambia ukweli."

"Wote?"

"Wote. Na kwamba nakuoa, kama utakubali."

Apondi alikubali.

Walifika Mwingi Jumamosi adhuhuri, jua kali. Mzee Nzivo, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye benchi uani na wazee wengine. Aliuliza msichana ni nani. Munyoki akasimama mbele yao, akasema. Alisema juu ya fomu, juu ya Apondi na siku zile alizonyamaza, juu ya kelele aliyoipiga mwenyewe. Sauti ilimkatika mara mbili, akangoja, akaendelea. Hakuwa amesema maneno mengi hivyo tangu Machi. Apondi alisimama kando yake bila kuinamisha kichwa, akisubiri kufukuzwa.

Wazee wengine wakatazamana. Mzee Nzivo akasogea kwenye benchi, taratibu, akamwachia Apondi nafasi ya kukaa.