Bwana Tonge

Mwanzo lilikuwa jina moja tu. Folarin alikuwa akiandika programu ofisini, mtaa wa Yaba, na kile chombo cha kompyuta kinachowamalizia mafundi mistari kikamletea pendekezo kwa rangi ya kijivu, kama kawaida yake: ukibofya kitufe linakubaliwa, ukiendelea kuandika linapotea. Lilisema: *Bwana Tonge.*

Aliyembandika jina hilo, kwa kudokolewa naye samaki wake mkavu kila mchana, alikuwa Ebiere wa meza ya jirani. Na Ebiere alishazikwa kwao Bayelsa. Folarin hakwenda mazishini, wala hakushona kitambaa cha sare ya msiba walichoshona wenzake. Angemtazamaje mama mtu, naye alishafuta jina la marehemu, tangu akiumwa, kwenye programu aliyoiunda marehemu mwenyewe ya kutafutia wagonjwa damu, akaandika lake?

"Kunle, husikii harufu ya samaki mkavu?" alimnong'oneza fundi mwenzake.

"Nasikia harufu ya cheo chako kipya, bosi. Tulia."

Madam Osarieme, mwenye ofisi, alipoambiwa kuna pepo, alileta mchungaji. Mchungaji akakemea, akamimina mafuta ya upako juu ya kompyuta, vitufe kadhaa vikafa papo hapo. Pepo hata hakukohoa.

Siku ya kumtangaza Folarin mkuu wa mafundi, kompyuta yake ilioneshwa ukutani ili watu wamwone akifanya kazi, na mlangoni, na sinia la akara, bagia za kunde alizoagizwa na Madam azikaange, alikuwa amesimama Mama Ebiere. Vitufe vikawa vya moto kama vimetoka kuguswa na vidole vya mwingine, harufu ya samaki ikamjaa kooni, na mistari ya kijivu ikaja, ikaja, naye akaikubali bila kuisoma, kama walivyozoea wote pale ofisini, akibofya na kubofya huku macho yake yakikwepa mlango, mpaka alipogundua kwamba chumba kizima kinasoma ukutani.

Ukutani paliandikwa: *Mama, kazi hii ni ya mwanao. Mimi niliila.*

Hakucheka mtu. Hata Kunle, anayecheka misibani.

Mama Ebiere akapita kati ya viti, akamtia akara mkononi.

"Nilijua, mwanangu. Aliniambia mwenyewe, kitandani, kabla hajafa. Kula, isipoe."

Folarin akaitia kinywani. Ikakwama hapohapo. Ukutani, bila mkono wa mtu kwenye kitufe, maneno ya kijivu yakajiandika taratibu:

*Meza, Bwana Tonge.*