Kibanda cha Madafu Ukingoni mwa Lami

Dorcas anauza madafu kando ya barabara kuu, karibu na Kakuyuni. Kibanda chake ni cha miti minne na makuti. Mwanzoni alikijenga hatua tatu tu kutoka kwenye lami, tena penye kona.

"Gari linakwenda mbio," alikuwa akisema. "Ukikaa mbali, dereva hakuoni."

Na kweli walimwona. Malori yalisimama, magari madogo yalisimama, watu walikunywa dafu na kuendelea na safari. Mumewe, Menza, analima mahindi, lakini mvua ikikataa ni kibanda hicho kinachowalisha.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda, kuna kijia cha kwenda majumbani. Watoto wa shule huvuka hapo asubuhi na alasiri. Mmoja wao ni Everlyne, binti yao wa gredi ya nne.

Mwezi wa tatu, mtoto wa jirani yao Japheth aligongwa hapo na gari, akavunjika mguu. Watu walikasirika sana. Menza akasema dawa anaijua.

"Tubebe mawe na udongo, tuweke tuta letu wenyewe. Tuone madereva watakimbilia wapi."

Wakaliweka. Siku ya pili, mwendesha bodaboda hakuliona. Alianguka, akavunjika bega. Chifu akaamuru tuta liondolewe.

Baadaye ofisi ya barabara ilimtuma Nyaboke, mtaalamu wa kupanga usalama barabarani. Chifu aliitisha baraza. Nyaboke alitandaza ramani juu ya meza.

"Tuta ni zuri, lakini lina vipimo vyake," alieleza. "Lazima kuwe na kibao cha kumwonya dereva kabla hajalifikia. Lazima lipakwe rangi ili lionekane. Tuta lisiloonekana huumiza watu, kama mlivyoshuhudia."

Menza aliangalia viatu vyake.

"Tutaweka kivuko mbele ya lango la shule," Nyaboke aliendelea. "Mbele ya kona tutatengeneza mahali pa magari kusimama, nje ya barabara. Vibanda vitahamia huko."

Dorcas alisimama. "Dada, mimi nimekaa pale miaka sita. Nikihama, wateja watanipita. Wanaogonga watoto ni madereva, si madafu."

Watu walicheka. Nyaboke hakucheka.

"Mama Everlyne, wewe unakaa pale kutwa. Mimi nimefika mara mbili tu. Nisaidie kuhesabu kwa wiki moja, kisha tutazungumza."

Alimpa makopo matatu. Mtu akivuka langoni kwa shule, ambako kunaonekana kutoka kibandani, Dorcas atie punje ya mahindi katika kopo la kwanza. Akivuka penye kijia, atie katika la pili. Mtu akikoswakoswa na gari, atie katika la tatu.

"Aliyekoswa si amepona?" Dorcas aliuliza. "Wa nini kumhesabu?"

"Leo amepona. Lakini pale watu wanapokoswakoswa kila siku, ndipo siku moja mtu atagongwa. Tukijua mapema, hatungoji maiti."

Dorcas alianza Jumatatu. Kufikia Jumatano, kopo la kijia lilikuwa limejaa. La langoni lilikuwa na punje chache tu chini. Alifurahi. Kumbe hata wataalamu hukosea!

Alhamisi alasiri, lori lilisimama kibandani. Magurudumu ya upande mmoja yalikuwa bado juu ya lami. Dorcas alikuwa akimchongea dereva dafu. Everlyne alitoka shule, akapita mbele ya lori ili avuke. Wakati huohuo pikapu ilikuja kutoka nyuma na kulipita lori. Dereva wa pikapu hakumwona mtoto, na mtoto hakuiona pikapu.

Breki zililia. Pikapu ilisimama karibu sana na Everlyne, hata angeweza kuigusa kwa mkono.

Dorcas aliangusha panga akakimbia. Alimkumbatia binti yake, akamgombeza, kisha akalia. Aliporudi kibandani alitia punje moja katika kopo la tatu. Halafu akazimwaga zote mezani. Zilikuwa kumi na tisa. Alijaribu kukumbuka moja moja. Karibu kila mara, gari lilikuwa limesimama kwake.

Usiku huo alimwambia mumewe, "Baba Everlyne, ni mimi ninayewaziba watoto macho."

"Madereva ndio wanaokimbia."

"Wanakimbia, ndiyo. Lakini lile lori lilisimama kwa nani? Nyani haoni kundule."

"Na tukihama, tutakula nini?"

"Tutakula kidogo. Everlyne mwingine sina."

Katika baraza la pili Dorcas alieleza yote, hata yale yaliyomtia aibu. Nyaboke alichukua penseli, akafuta kivuko cha langoni na kukichora upya penye kijia.

"Mimi nilichora mahali nilipotaka watu wavuke," alisema. "Watu huvuka palipo karibu na kwao. Asante, mama."

Dorcas hakungoja mafundi. Jumamosi yeye na Menza waling'oa miti ya kibanda, wakaihamishia mbele ya kona, mbali na lami. Wiki za kwanza biashara ilikuwa mbaya, na Menza hakuacha kumkumbusha. Baada ya miezi kadhaa mafundi walikuja. Waliweka vibao, matuta yaliyopakwa rangi, kivuko penye kijia na mahali pa magari kusimama. Madereva walipajua pale, na wateja wakarudi, ingawa si wote. Tangu hapo hakuna aliyegongwa.

Juzi dereva mmoja wa lori alisimama pale penye kona, kama alivyozoea. Alipiga honi, akainua vidole vinne. Alitaka madafu manne.

Dorcas alimpungia mkono aje mbele. Dereva akapiga honi tena. Dorcas hakwenda. Dereva alikasirika, akaondoa lori na kupita kibanda bila kusimama.

"Madafu manne hayo yamekwenda," Menza alisema.

"Na yaende," Dorcas alijibu.

Barabara ilikuwa wazi. Everlyne alifika kwenye kivuko, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia. Kisha akavuka akitembea, begi mgongoni, bila haraka yoyote.