Mhuri wa Kanzo

Kisa hiki alinisimulia mama yangu, Shizu, mwaka 1958. Kilitokea kijijini kwetu Kumamoto mwaka 1927, yeye akiwa na miaka kumi na moja.

Ilikuwa Jumapili mchana. Serikali ilileta filamu ya kuhimiza watu wahamie Brazili, ikaonyeshwa shuleni, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi. Filamu haikuwa na sauti. Msimulizi alisimama kando akieleza kila picha. Kanzo, baba yake mama, alikuja na mhuri wake, ambao kwetu ndio sahihi. Angeugonga kwenye fomu ya kuhama, nyumba nzima ingehama. Mdogo wake, Yasaku, naye alikuja na mhuri wake.

Ikaja picha ya wahamiaji mbele ya mibuni, wamevaa kimono za sikukuu, majoho yanayokunjwa kifuani.

Bibi Tome, mama yao Kanzo na Yasaku, akamshika mama yangu mkono.

“Tazama vifua vyao. Upande wa kulia uko juu ya wa kushoto.”

Kwetu maiti tu ndiye anayefungwa kimono hivyo.

“Mama, hata Brazili unataka kukagua watu walivyovaa?” Yasaku alinong'ona. “Mashine imegeuza picha, basi.”

“Na maandishi ya pale kwenye ghala nyuma yao?” bibi aliuliza. “Mbona hayakugeuka, yanasomeka?”

Majani ya mibuni yalitikisika. Watu wa pichani hawakupepesa macho.

Filamu ilipokwisha, madirisha yakafunguliwa. Wanaume wakapanga foleni mbele ya meza ya afisa. Mama akawatazama mmoja mmoja.

Kulia juu. Wote.

Asubuhi ile alikuwa amemwona baba yake akijifunga kimono sawasawa, kushoto juu.

“Baba,” alinong'ona, “kifua chako.”

Kanzo akajitazama. Mhuri ulikuwa umeshapakwa wino. Akaufuta kwa kidole gumba, polepole, akatoka kwenye foleni.

Yasaku alijifunga upya huku akicheka. “Kaka, unatishwa na nguo? Haya, baki na matope yako.” Akagonga mhuri. Mwezi Aprili akapanda meli na mkewe.

Jioni ile, Kanzo alipovua kimono, vumbi jekundu lilimwagika sakafuni. Udongo wa kwetu ni mweusi; mwekundu ni wa Brazili. Bibi Tome alilifunga kwenye karatasi. Ninalo mpaka leo.

Tome alifariki 1934, Kanzo 1951. Mama yu hai. Kuhusu Yasaku na mkewe hatuna barua wala kaburi, kwa hiyo sijawaandika upande wa walio hai wala wa waliokufa.