Ampea Kumi na Moja

Mama mdogo wangu si mtu wa kutia chumvi. Ni muuguzi, ukimwambia unaumwa, anakuuliza wapi na tangu lini. Haya alinisimulia yeye, na mumewe akanisimulia siku nyingine, wala hawakupishana.

Mumewe ni fundi umeme, ndiyo maana sisi watoto tunamwita Baba Fyuzi. Alipostaafu walinunua karavani kuukuu, tela la kulala lenye vitanda viwili, jiko na friji ndogo. Wakalifunga nyuma ya gari, wakaenda kupiga kambi kando ya msitu. Lilikuwa na betri mbili na paneli ya jua juu ya paa. Kwa Baba Fyuzi, umeme wa betri ni kama maji ya mtungi: ukichota ovyo utalala na kiu.

"Simu tutachaji mchana tu," alisema. "Usiku taa moja. Unaobaki ni wa friji."

Friji haikuwa na mchezo. Ndimo ilimokaa insulini ya Baba Fyuzi, dawa yake ya kisukari.

Siku ya pili ukungu ulishuka, jua likafichwa kabisa. Saa nane mchana Baba Fyuzi akatazama mita ya ukutani inayoonyesha umeme unaotumika. Friji peke yake hula ampea nne. Mita ilionyesha kumi na tano.

"Umewasha nini, mke wangu?"

"Mimi? Hata kijiko sijagusa."

Akazima pampu ya maji. Akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Mwisho akazima hata friji. Mita ikashuka mpaka kumi na moja, ikaganda hapo. Kwa mwendo ule betri zingekufa kabla ya jioni, na dawa nayo iharibike.

Mama mdogo akaketi kwenye kitanda cha pili, ambacho hakuna aliyekilalia tangu wafike. Akainuka mara moja. Godoro lilikuwa na joto, pale katikati tu, kama la mtu aliyetoka kuamka.

Baba Fyuzi akapiga magoti, akabandua ubao wa chini ya kitanda. Waya mmoja ulitoka upande wa betri, ukaingia gizani. Akaufuata kwa tochi. Ulikatika hatua moja mbele, shaba ikiwa wazi. Haukuunganishwa na kitu chochote.

Akaushika. Ulikuwa wa moto.

"Kata tu," mama mdogo akanong'ona.

Akaukata kwa koleo. Mita ikasoma sifuri. Wakatazamana, Baba Fyuzi akacheka kidogo, akaingiza mkono kukitoa kile kipande kilichobaki.

Hakuutoa.

"Nini?" mama mdogo akauliza.

Mkono ulikuwa unaingia ndani, taratibu. Kiganja. Kiwiko. Bega likagonga ubao. Jasho lilimtoka, na bado meno yaligongana kwa baridi.

Kisha kutoka chini ya kitanda, sauti ndogo, bila haraka:

"Nasikia baridi."

Mama mdogo anasema hakupiga kelele kwa sababu pumzi haikuwepo.

"Rudisha waya," Baba Fyuzi akanong'ona. "Rudisha. Rudisha."

Akalala kifudifudi kando ya mumewe. Akaingiza mikono gizani kwa kupapasa, akazipata ncha mbili, akazisokota pamoja. Vidole vyake vilikuwa vinagusa kitu kando ya waya. Hataki kusema ni nini.

Mita ikapanda. Kumi na moja.

Mkono ukaachiwa.

Walibeba insulini ndani ya taulo lililolowa, wakalifungua tela kutoka kwenye gari, wakaliacha palepale na mlango wazi. Duka la dawa la mji wa jirani likawahifadhia dawa. Karavani hawakulirudia, wala hawajauliza habari zake.

Mwezi uliopita niliwatembelea. Baba Fyuzi akapandisha mkono wa shati. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama nne nyeupe, nyembamba, za vidole vya mtoto. Nikazigusa. Zilikuwa baridi kama zimetoka kwenye barafu, ingawa sehemu nyingine ya mkono ilikuwa na joto.

"Ngoja uone," akasema.

Akachukua tesita, ile bisibisi ya mafundi yenye kitaa kinachowaka ikikutana na umeme. Akaigusisha kwenye ukuta: kimya. Kwenye shavu lake: kimya. Akaiweka juu ya alama ya kwanza.

Kitaa kikawaka.